Haki ya Mwanafunzi Mgeni juu ya Mwalimu Wake

Katika darsa yetu ya jioni limeletwa suala ambalo tumeona si vyema kulijibu kwa mdomo tu kisha likapotea, maana lawahusu wengi. Muulizaji ni mzee wa mjini kwetu ambaye jamaa yake, kijana wa Kingazija, anasoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha upande wa Meru na Embu. Kijana huyo aliandika pendekezo la utafiti wake juu ya udongo na mazao, akalipeleka kwa msimamizi aliyewekewa na chuo. Miezi ikapita. Akiandika hajibiwi, akienda ofisini huambiwa bwana yumo safarini, na siku aliyobahatika kumkuta aliambiwa, "Wacha hapo mezani, nitasoma." Mzee akauliza: Je, mwalimu huyu amemdhulumu mwanafunzi wake, au amepungukiwa na ukarimu tu? Na kijana wetu, ashitaki au asubiri?

Katika darsa wako waliosema mwalimu hashitakiwi, kwani heshima ya ilimu haikubali. Wako wengine waliosema mwalimu ni mtu wa mshahara kama karani wa bandari, basi na atimize kazi yake. Kila kauli ina upande wake wa haki, lakini hapana moja katika hizo inayotosha kumjibu mzee wetu. Kwa hivyo tumeona tulitazame jambo hili tangu shina lake.

Yatupasa kwanza tufahamu usimamizi wa utafiti ni kitu gani, kwa sababu wengi katika sisi hatukupita njia hiyo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana darasa, ana wenzake, ana mtihani wenye siku yake. Mhadhiri mmoja akizembea, yupo mwingine. Ama huyu wa uzamili au uzamivu, akisha kumaliza masomo ya darasani hubakia na kazi moja kubwa, nayo ni tasnifu. Huanza kwa pendekezo, ambalo hulitetea mbele ya walimu wa idara. Kisha hutafuta leseni ya utafiti kwa Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi kule Nairobi. Kisha huenda kukusanya habari, akaandika, na mwisho akasimama mbele ya watahini. Na katika hatua zote hizi, mlango haufunguki pasina sahihi ya msimamizi. Hapana mwalimu mwingine awezaye kutia sahihi hiyo kwa niaba yake, wala mwanafunzi hawezi kuchukua karatasi zake akazipeleka dukani kwa fundi wa pili.

Vyuo vya upande ule si vya zamani. Chuo Kikuu cha Kimethodisti kilianza Meru mwaka 1997 na kikawa chuo kamili mwaka 2006. Cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kule Nchiru, kilikamilika mwaka 2013, na mwaka huo huo kikakamilika cha Chuka kilicho baina ya miji hiyo miwili. Cha Embu kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka mwaka 2016. Basi katika miaka 10 tu miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya ilipata vyuo vikuu vinne. Hili ni jambo la kushukuriwa, na watu wa bara wastahiki kusifiwa kwalo. Lakini majengo hujengwa kwa miaka miwili, na mwalimu mwenye shahada ya uzamivu na uzoefu wa kuwaongoza wengine hapatikani kwa miaka miwili. Hiki ndicho chanzo kimoja cha shida tunayoizungumza, na insafu yataka tukitaje kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Ardhi ile ni ya wakulima wa chai, kahawa, miraa na maharagwe, na mwenye kutafiti mazao hutafiti shambani, wala si kitabuni peke yake. Mvua zao ni mbili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Disemba. Mwanafunzi aliyepeleka pendekezo lake mwezi wa Agosti, akarudishiwa Septemba, aweza kupanda katikati ya Oktoba. Akirudishiwa Novemba, mbegu zake hazina mvua ya kuzitosha, na hana budi kungoja mpaka katikati ya Machi. Wiki chache za kuchelewa kwa mwalimu zimekuwa miezi 5 ya mwanafunzi. Mwalimu pengine hakukusudia ubaya wowote. Yeye alichelewa kusoma kurasa 30. Lakini mvua haikumngoja.

Sasa tazama tofauti ya mwenyeji na mgeni. Mwenyeji akicheleweshwa hurudi kwao, akafundisha shule, akalima shamba la babake, akangoja. Mgeni yuko nchini kwa kibali cha mwanafunzi, na kibali kina tarehe yake ya kwisha. Leseni ya utafiti nayo ina muda wake. Kodi ya chumba yaenda mbele, na ada ya chuo yadaiwa upya, ijapokuwa mwaka ule hakufundishwa neno. Nyuma yake kuna mama aliyeuza kipande cha shamba au kaka anayetuma fedha kutoka Ufaransa, na kila mwezi huuliza, "Utamaliza lini?" Yeye hana jawabu, kwa sababu jawabu limo katika meza ya mtu mwingine.

Fauka ya hayo kuna lugha. Kijana wetu alisoma kwao kwa Kifaransa, na sasa huandika kwa Kiingereza. Pendekezo lake huweza kurudi limejaa wino mwekundu juu ya sarufi, na juu ya fikra yake lisiwe na alama hata moja. Akakaa akitengeneza nukta na vituo, asijue kama utafiti wenyewe unafaa au haufai. Akienda vijijini hukutana na wazee wasemao Kiembu au Kimeru, na huhitaji mkalimani, na mkalimani hutaka malipo. Mwenyeji hayajui machungu haya. Na mwaka 2025, wahadhiri wa vyuo vya serikali walipogoma kwa siku 49, kuanzia Septemba mpaka Novemba, wanafunzi wenyeji waliweza kufunga mizigo wakaenda kwao. Mgeni alibakia chumbani mwake akihesabu siku za kibali. Hatusemi wahadhiri hawakuwa na haki ya kudai chao. Twasema gharama ya madai yale ilimwangukia zaidi yule asiyekuwa na pa kwenda.

Tukisha kuyajua haya, turejee katika suala. Je, kumsomea mwanafunzi kwa wakati ni fadhila au ni haki? Tofauti yake ni kubwa. Fadhila, mwenye kuitoa husifiwa, na asiyeitoa halaumiwi. Haki, mwenye kuitoa amelipa deni tu, na asiyeitoa amedhulumu. Jirani yangu akinipa samaki amenifadhili. Asiponipa sina la kusema. Lakini fundi aliyepokea kitambaa changu na fedha yangu, kanzu si fadhila yake kwangu.

Sisi twaona jambo hili ni haki, na tuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kuwa msimamizi amekubali. Hapana aliyemlazimisha kumpokea mwanafunzi fulani. Jina lake liliandikwa naye akaridhia. Mwenye kupokea amana kwa hiyari yake hawezi kusema baadaye kuwa kuihifadhi ni ihsani.

Sababu ya pili ni kuwa mwanafunzi amefungiwa njia nyingine. Mtu akiwa peke yake mwenye kisima, na wengine wamekatazwa kuchimba, wajibu wake juu ya wenye kiu si kama wa mtu mwenye kisima kimoja kati ya kumi. Chuo kimempa msimamizi mamlaka ya kuwa ndiye mlango, na mamlaka hayo yamezaa wajibu.

Sababu ya tatu ni kuwa kinachopotea ni kitu kisichorudishwa. Aliyekukopa fedha akachelewa, aweza kukulipa. Aliyekupotezea mwaka wa ujana wako hana cha kukulipa, hata akija na radhi na machozi. Kwa hivyo ikiwa kuchukua shilingi 100 ya mtu pasina haki ni dhuluma, basi kuchukua miezi 5 ya umri wake tutaiitaje?

Pengine mtu atatujibu: "Nyinyi hamjui mzigo wa wahadhiri. Mtu mmoja ana madarasa manne, ana mitihani ya kusahihisha, ana mikutano, mshahara wachelewa, kisha amebandikwa wanafunzi kumi wa tasnifu." Tunajibu kuwa haya ni kweli. Na kwa sababu hiyo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, katika kanuni zake za mwaka 2014, iliweka mpaka: msimamizi mmoja asiwe na zaidi ya wanafunzi 5 wa uzamili na 3 wa uzamivu kwa wakati mmoja. Na mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilipotoa shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, watu walistaajabu, na Tume hiyo ikaingia kuchunguza shahada zile zilivyopatikana na wanafunzi walivyosimamiwa. Basi aliyebebeshwa zaidi ya mpaka ana udhuru kwa chuo chake, na lawama kubwa ni ya aliyembebesha. Chuo kinachopokea ada ya mgeni ilhali chajua hakina mwalimu wa kumtosha kimeuza bidhaa isiyokuwamo dukani.

Lakini uchungue udhuru huo vizuri. Wingi wa kazi waeleza kuchelewa, hauelezi kunyamaza. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wake, "Sitaweza kukusomea mpaka tarehe 20 ya mwezi ujao," ametumia nusu dakika, naye mwanafunzi amepata mwezi mzima wa kuutumia kwa kazi nyingine. Anayenyamaza amemfunga mlangoni, hawezi kuondoka wala kuingia. Jibu la "siwezi" ni haki ambayo hata mwenye kazi nyingi kupita wote aweza kuitoa. Kwa hivyo sisi hatumhukumu mwalimu huyu kwa kuwa ana mzigo. Twamhukumu kwa ukimya wake.

Mwingine atasema: "Mwanafunzi na asubiri. Nabii Musa alisafiri mpaka akachoka kumtafuta Khidhri, na akaamrishwa asiulize." Hoja hii yapendwa sana, na wengi huitumia kumnyamazisha kila mwenye kuuliza. Lakini mwenye kuifikiri kisa chenyewe ataona chawashinda walioileta. Khidhri hakumwacha Musa mlangoni. Alimweleza tangu mwanzo kuwa safari ile ni ngumu, akamwekea sharti lililo wazi, na Musa akalikubali kabla ya kuondoka. Kisha akatembea naye. Hakumtuma peke yake. Na walipofikia kuachana, hakumwacha aende na giza, bali alimfasiria jambo moja moja mpaka akaelewa. Basi mwalimu atakaye kusubiriwa kama Khidhri, na aeleze sharti kabla ya safari, afuatane na mwanafunzi njiani, na amfasirie kabla ya kufarikiana. Asiyefanya hata moja katika hayo hana hoja katika kisa hicho.

Wala tusisahau kuwa sisi watu wa pwani ilimu yetu ilijengwa na watu waliosafiri. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alishushwa katika nyumba iliyowekwa makhsusi kwa wanafunzi wa ilimu. Yaani mji ulikuwa umeshawafikiria wageni kabla hawajawasili. Sayyid Ahmad bin Sumait alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akawa kadhi na mwalimu mkubwa wa Unguja. Sheikh Abdalla Bakathir alitoka Lamu akafundisha Unguja. Na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoka Mombasa akavuka kwenda kusoma kwao. Habib Saleh wa Riyadha naye alifika Lamu mgeni kutoka Ngazija, kisha mlango wake ukawa makimbilio ya wanafunzi wa kila bandari. Kijana wa Kingazija aliyeko bara leo amekuja kwetu kama sisi tulivyowafuata wazee wake jana.

Hatusemi ya zamani yote yalikuwa mema. Walikuwako walimu waliowafanya wanafunzi watumishi wa shamba na wachota maji, na kitabu kikawa cha baadaye. Mfano wake wa leo ni msimamizi anayemtumia mwanafunzi kufanya utafiti wa bwana, au anayetaka jina lake litangulie katika makala ambayo hakuandika sentensi moja, kwa kuwa ajua mwanafunzi anatakiwa achapishe ili ahitimu. Ubaya ni ule ule, umebadilisha kanzu tu.

Sasa tugeukie upande wa pili, kwani haki haikai upande mmoja. Mwanafunzi naye ana madeni. Wapo wanaotoweka miezi 6, kisha wakarudi wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho wakitaka kusomewa sura tano kwa siku tatu. Wapo wanaorudishiwa maelezo na wasiyafuate, kisha hulalamika kuwa mwalimu ni mgumu. Na wapo, tena si haba, wanaolipa mtu awaandikie. Nchi yetu ya Kenya imejulikana ulimwenguni kwa vijana wasomi wanaoandika kazi za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Jambo hili ni aibu kwa mnunuzi na kwa muuzaji. Mwanafunzi aliyetelekezwa ana kishawishi kikubwa cha kuufuata mlango huo. Lakini udhuru wa kutelekezwa haumhalalishii uongo, kama njaa ya mfanyabiashara isivyomhalalishia mizani ya kupunja. Akisha kununua tasnifu, amejitia yeye mwenyewe katika dhuluma, na haki yake ya kumshitaki mwalimu imedhoofika.

Na kuna jambo la zawadi. Mzee wetu alituuliza kwa siri kama inafaa kumpelekea msimamizi kikapu cha vitu vya pwani "ili amkumbuke kijana". Wanavyuoni wamelijibu hili zamani katika mlango wa ukadhi: kadhi hapokei zawadi ya mtu mwenye kesi mbele yake, isipokuwa ya mtu aliyezoea kumpa kabla ya ukadhi na asiyekuwa na kesi. Na msimamizi mwenye kalamu mkononi yuko katika hali ya kadhi. Zawadi kabla ya sahihi yamharibu mwalimu, na yawadhulumu wanafunzi maskini wasiokuwa na kikapu. Kijana akisha kuhitimu, na ampelekee kikapu apendacho. Hapo kitakuwa shukrani.

Ama suala la pili, ashitaki au asubiri? Kijana anaogopa, na khofu yake si ya kipuuzi. Aliye mlango waweza kumshitaki leo, na kesho ukamhitaji afungue. Mgeni hana mjomba serikalini, wala hajui nani rafiki ya nani katika idara. Wengine humwambia kuwa kumtaja mwalimu kwa ubaya ni kusengenya. Hili si kweli. Wanavyuoni wetu wamemruhusu aliyedhulumiwa kueleza dhuluma yake mbele ya mwenye uwezo wa kuiondoa. Kilichokatazwa ni kuipeleka habari hiyo barazani na vibarazani, kwa watu wasioweza kumfaa kitu, mpaka mwalimu akavunjiwa heshima na shida ikabakia pale pale.

Basi twamshauri kijana hivi. Amwandikie msimamizi kwa adabu, ataje tarehe aliyopeleka pendekezo, ataje msimu wa mvua unaomkabili na tarehe ya kibali chake, na aombe siku ya jibu. Aweke nakala. Asipojibiwa katika muda wa wiki mbili au tatu, amwendee msimamizi wa pili ikiwa anaye, kisha mkuu wa idara, kisha afisi inayosimamia masomo ya juu katika chuo, na kila pahala aende na nakala zake bila matusi. Ikihitajika kubadilishiwa msimamizi, aombe hivyo mapema, kabla msimu wa pili haujapita. Subira ni kubeba lile lisilokuwa na dawa; lenye dawa, kulinyamazia si subira.

Na jamaa zake, yaani sisi, tuna wajibu wetu. Tusimuulize "utamaliza lini" kila mwezi kama kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango. Tumuulize amekwama wapi, na nani alikuwa na zamu ya kujibu. Watoto wetu nao ni wageni kwa wengine. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, vijana wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa wakisoma Khartoum walirudi na begi moja, na walimu wao wakatawanyika. Kila mmoja wao alihitaji mwalimu katika nchi nyingine wa kumpokea na kazi iliyofika katikati. Tutakalotaka wafanyiwe wetu, ndilo tulitake kwa mtoto wa Kingazija, wa Sudan Kusini au wa Kongo aliyeko Embu.

Jibu letu kwa mzee, kwa ufupi, ni hili: ikiwa mwalimu alikuwa na uwezo wa kujibu, walau kwa neno moja la udhuru, na hakujibu, amemdhulumu kijana, na atadaiwa. Ikiwa chuo kilimbebesha asichokiweza, basi chuo nacho kimeingia katika deni hilo. Na kijana anayo ruhusa ya kudai, bali katika hali yake twaona kudai ni bora kuliko kunyamaza, kwani mvua ya Machi iko njiani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.